Kabla hujaenda kunyonywa mafuta: cha kukagua, cha kuuliza na cha kuandaa

"Nitapungua kilo ngapi?" "Kitambi kitarudi?" "Nina presha, watanikubali?" "Naweza kwenda Ijumaa nikaingia kazini Jumatatu?" Nafanya kazi ya uuguzi kwenye wodi ya upasuaji, na maswali haya hayakauki kwenye simu yangu. Mengi yanatoka kwa kina mama waliojifungua wakaona tumbo halirudi, ila siku hizi wanaume nao wanauliza, hasa wenye matiti yaliyojaa. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wananitafuta wakiwa wameshalipa kianzio na tarehe wamepangiwa. Mwongozo huu ni wa kusoma kabla ya hapo.

Maelezo ya upasuaji wenyewe ni mafupi. Daktari anatoboa matundu madogo kwenye ngozi, anajaza chini yake maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi ya lidokeini na adrenalini kidogo ili mishipa ibane na damu isitoke nyingi. Kisha anapitisha mrija mwembamba wa chuma, anausukuma mbele na nyuma kuyavunja mafuta, na mashine inayavuta. Utasikia majina mengi: ya leza, ya VASER, ya mtetemo. Yote ni njia za kulegeza mafuta, na hakuna hata moja inayofidia mkono usiojua kazi. Mafuta yanayotoka ni yale yaliyo chini ya ngozi tu. Yaliyozunguka utumbo na ini hayafikiwi na mrija huo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Uzito na urefu wako wa leo, uliopimwa kwenye mizani, usiwe wa kukisia.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya kupunguza mwili, dawa za miti shamba na vidonge vya uzazi wa mpango.
- Kumbukumbu za upasuaji uliowahi kufanyiwa, ukiwemo wa kujifungua, na kama mwili uliwahi kukataa dawa yoyote.
- Mtu mzima mmoja anayejua unakwenda kufanya nini, wapi na siku gani.
- Fedha ya upasuaji, na fedha nyingine pembeni ya dharura.
- Muda. Wiki moja hadi mbili za kupumzika, na wiki 4 hadi 6 bila kazi nzito.

Usiruke kipengele cha mtu mmoja anayejua. Watu wengi hufanya jambo hili kwa siri, hata mume au dada wa tumbo moja hajui. Siri yako naiheshimu, lakini saa nane usiku ukiishiwa pumzi lazima awepo mtu wa kumwambia daktari umefanyiwa nini. Mchague mmoja, mwambie yote.

Hatua ya 1: Pima kama upasuaji huu ni wako

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 92 mwenye urefu wa mita 1.60 anagawa 92 kwa 2.56, anapata karibu 36. Hiyo ndiyo BMI. Ukiwa chini ya 30 na uzito wako umetulia kwa miezi kama 6, upo kwenye kundi linalofaidika. Ukiwa juu ya 30, daktari makini atakushauri upunguze uzito kwanza. Ukiwa juu ya 35 na mtu akakupangia tarehe haraka bila swali, huyo mwogope.

Hii ni kwa sababu upasuaji huu unachonga umbo, hautibu unene. Lita moja ya mafuta ina uzito wa karibu gramu 900. Hata daktari akitoa lita 3 za mafuta matupu, mizani itashuka kwa kilo 2.7 hivi. Anayekuahidi kilo 20 kwa siku moja anakudanganya. Ukiwa na unene mkubwa zipo njia nyingine: mpango wa chakula na mazoezi, dawa, puto la tumboni ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili inaliweka pale Mloganzila, au upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Hayo ni mazungumzo mengine na daktari mwingine.

Na kama unadhani utapona kisukari kwa kunyonywa mafuta, hapana. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake wanene walionyonywa mafuta mengi ya tumbo. Miili yao haikubadilika katika namna inavyotumia insulini.

Sasa lala chali, legeza mwili, weka mikono juu ya tumbo. Likianguka pembeni likawa laini na ukaweza kukusanya nyama vidoleni, mafuta yako mengi yako chini ya ngozi. Likibaki limejaa na kukaza kama ngoma, mengi yako ndani, na kunyonya hakutakupa tumbo unalolitaka. Wanaume wengi wenye kitambi kigumu wako hapa.

Kama unanyonyesha, subiri. Madaktari wengi hutaka miezi kama 6 ipite baada ya kuachisha. Kama bado unapanga mtoto mwingine, zaa kwanza.

Hatua ya 2: Kagua kitovu na misuli ya tumbo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoweza kuua.

Simama mbele ya kioo, kohoa kwa nguvu ukiwa umeshika kitovu. Ukihisi kitu kinasukuma kidole, au kitovu kinachomoza unapocheka au kubeba ndoo, inawezekana una ngiri. Ngiri ya kitovu ni ya kawaida sana kwetu. Wengine wamezaliwa nayo na hawajawahi kuiita ugonjwa. Vilevile waliojifungua kwa upasuaji wanaweza kuwa na ngiri kwenye kovu la zamani bila kuijua. Pale penye ngiri ukuta wa tumbo una tundu, na utumbo unaweza kuwa umekaa hapo hapo chini ya ngozi ambapo mrija wa chuma unapita kwa nguvu. Utumbo ukitobolewa, uchafu unamwagika tumboni.

Hatari ya mrija kupenya ndani ipo hata kwa asiye na ngiri. Stella Obasanjo, aliyekuwa mke wa Rais wa Nigeria, alifariki Oktoba 2005 baada ya upasuaji wa urembo huko Marbella, Hispania. Mrija wa kunyonyea mafuta ulikuwa umeingia ndani ya tumbo, ukatoboa utumbo na kulijeruhi ini. Alikuwa na uwezo wa kwenda popote duniani.

Kwa hiyo mwambie daktari akupime tumbo ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na ukohoe mbele yake. Akiwa na shaka, akupeleke ultrasaundi. Daktari aliyekutazama kwa picha za WhatsApp peke yake hajakupima.

Upande wa misuli: lala chali, inua kichwa kama unayetaka kuamka. Ukiona mwinuko kama tuta unajitokeza katikati ya tumbo, kuanzia kifuani kushuka kitovuni, misuli imeachana kwa sababu ya ujauzito. Kunyonya mafuta hakuirudishi. Na ngozi iliyolegea yenye michirizi mingi inaweza kulegea zaidi mafuta yakitoka. Hapo pengine unachohitaji ni upasuaji wa kukata ngozi na kushona misuli, ambao una kovu refu na mapumziko marefu zaidi.

Hatua ya 3: Hakiki daktari na kituo, kila kimoja peke yake

Unamtafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi (plastic surgery). Jina lake kamili, namba yake ya usajili na ubingwa wake viwe kwenye daftari la baraza la madaktari: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, Uganda ni UMDPC. KMPDC ina daftari mtandaoni ambalo yeyote anaweza kutafuta jina. Kwingine piga simu au nenda ofisini uulize. Swali ni jepesi: "Huyu amesajiliwa kama bingwa wa nini, na leseni yake ya mwaka huu ipo?" Daktari wa kawaida anaweza kuwa na leseni halali kabisa na asiwe bingwa wa kazi hii.

Kisha kituo. Daktari mzuri kwenye kliniki isiyo na oksijeni ya uhakika hatakusaidia mambo yakiharibika. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kunyonywa mafuta, na KMPDC ikaamuru kituo kifungwe. Uliza leseni ya kituo inaruhusu upasuaji wa aina gani. Omba kuonyeshwa wodi utakayolala. Wakikukatalia hata kuona kitanda, tafuta kwingine.

Saluni, spa na vyumba vya hoteli si mahali pa upasuaji, wala pa sindano za "kuyeyusha mafuta". Idadi ya wafuasi Instagram haisemi lolote kuhusu usajili.

Hatua ya 4: Kaa na daktari mwenyewe, daftari mkononi

Si wakala, si mtu wa mapokezi. Yule atakayeshika mrija. Andika majibu mbele yake. Daktari mzoefu hatachukia.

Uliza utanyonywa lita ngapi kwa jumla. Kuanzia lita 5, ukihesabu mafuta pamoja na maji yanayotoka nayo, unahesabika ni upasuaji mkubwa na unatakiwa kulala hospitalini ukiangaliwa, kwa sababu maji na chumvi za mwili vinayumba. Mtu akikuambia atatoa lita 7 na jioni uko nyumbani, ondoka.

Uliza kuhusu ganzi: "Nina kilo kadhaa, nitapewa lidokeini miligramu ngapi?" Kiwango cha juu kinachotumika sana kwa upasuaji huu ni miligramu 35 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 asizidi miligramu 2,450. Huhitaji kuwa daktari kufanya hesabu hiyo. Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi ni kwamba lidokeini hii inaingia kwenye damu polepole, na inaweza kufika kilele kati ya saa 8 na 16 baada ya upasuaji, wakati wewe uko kitandani kwako na daktari amelala kwake. Endelea na swali lifuatalo: "Ikinizidi, mna Intralipid?" Hayo ni mafuta ya kuingizwa kwenye mshipa yanayotumika kutibu sumu ya ganzi. Mahali panapofanya kazi hii kwa uzito wanayo na wanajua yalipo.

Nani atasimamia dawa ya usingizi? Kama utapewa nusu kaputi au dawa ya kusinzisha, awepo daktari au mtaalamu wa usingizi ambaye kazi yake ni hiyo tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Daktari mmoja asinyonye mafuta na kuangalia pumzi zako kwa wakati mmoja.

Nikihitaji chumba cha uangalizi maalumu, kiko hapa au nitahamishwa? Kwenda wapi, kwa gari gani? Jibu liwe na jina la hospitali.

Na umwulize waziwazi amefanya kazi hii kwa watu wangapi wenye mwili kama wako, na aliyepata tatizo alimsaidiaje. Ukisikia "mimi sijawahi kupata tatizo", ama amefanya wachache sana ama hakuambii ukweli.

Kama mafuta yatahamishiwa makalioni, nyanyua umakini mara mbili. Mafuta yakidungwa ndani ya misuli ya makalio yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu na kwenda moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Makadirio yaliyotolewa 2017 na madaktari wa upasuaji wa urembo yalikuwa kifo kimoja kwa kila upasuaji 3,000 hivi, na 2018 chama cha madaktari hao Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kuufanya. Tangu hapo msisitizo ni kuweka mafuta juu ya misuli tu, daktari akiona kwa ultrasaundi sindano iko wapi. Muulize kama anayo na kama anaitumia wakati wa kudunga. Kama haitumii, ushauri wangu ni uache sehemu hiyo ya makalio.

Hatua ya 5: Taja kila unachomeza

Toa ile orodha. Asipirini, diklofenaki na aibuprofeni huongeza kuvuja damu. Kwa kawaida huachwa wiki moja hadi mbili kabla, lakini kama asipirini ulipewa kwa ajili ya moyo usiiache bila daktari aliyekuandikia. Vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki navyo vitajwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, basi vitaje mapema ili mpange njia nyingine.

Sindano za kupunguza uzito kama Ozempic zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Unaweza kufunga tangu usiku na bado tumbo likawa na chakula, ukakitapika usingizini kikaingia kwenye mapafu. Mtaalamu wa usingizi lazima ajue ulichoma lini mara ya mwisho, hata kama uliinunua kimya kimya.

Sigara na shisha ziache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, maana zinanyima ngozi damu na kidonda kinaweza kuoza badala ya kupona. Mirungi inapandisha presha na mapigo ya moyo. Iseme pia.

Hatua ya 6: Vipimo

Picha kamili ya damu kuona wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo na ini, uwezo wa damu kuganda, presha, na kipimo cha ujauzito kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Selimundu ipimwe kama hujui hali yako. Kipimo cha moyo kwa mwenye umri mkubwa au mwenye presha. HIV peke yake haikufungii mlango, mradi unatumia dawa vizuri na kinga iko juu. Upungufu wa damu utibiwe kwanza. Usikasirike ukiahirishwa kwa sababu ya damu. Huyo aliyekuahirisha anafanya kazi yake.

Kama una makovu yanayovimba, ya sikio lililotobolewa au ya chanjo, mwonyeshe. Matundu ni madogo, ila ngozi zetu hupenda kuacha madoa meusi au makovu ya kuota, na mahali pa kutobolea panaweza kuchaguliwa ili pafichike.

Hatua ya 7: Hesabu fedha yote

Bei ya tangazo mara nyingi ni ya daktari tu. Uliza kama ndani yake kuna chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, vipimo, kulala, dawa, nguo ya kubana na miadi ya kurudi. Bima kwa kawaida hailipii urembo, na ukipata tatizo baadaye inaweza kugoma pia. Weka akiba ya kulala hospitali siku kadhaa. Kama kulipa upasuaji kunamaliza senti ya mwisho, ahirisha.

Hatua ya 8: Andaa nyumba

Saa 24 hadi 48 za kwanza matundu yatatoa maji ya rangi ya waridi, mengi kuliko unavyodhani. Ni yale maji ya ganzi yaliyochanganyika na damu kidogo, na huwatisha sana walio nyumbani. Tandika plastiki juu ya godoro, kisha shuka nzee. Nunua pedi kubwa au nepi za watu wazima za kufyonza. Kwenye gari la kukurudisha weka plastiki na kanga kwenye kiti.

Nguo ya kubana nunua mbili, ili moja ikiwa inafuliwa nyingine iko mwilini. Utaivaa wiki 4 hadi 6, na mwanzoni usiku na mchana. Ijaribu kabla: ibane bila kukunjika, kwa sababu mkunjo unaacha mfereji kwenye ngozi. Kanga ya kufunga tumbo kama ya mzazi haitoshi, inabana katikati na kuacha pembeni.

Na hili liongee mapema na mama au shangazi atakayekuja kukuuguza: usikandwe na maji ya moto. Najua ndivyo mzazi anavyotunzwa, na atakayekuja atakuja kwa upendo na sufuria yake. Lakini ngozi iliyonyonywa mafuta inakuwa imekufa ganzi kwa wiki nyingi. Hutasikia moto, utaungua. Chupa ya maji ya moto nayo vivyo hivyo.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Chakula acha saa 6 kabla, cha mafuta saa 8. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Maji matupu mwisho saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Oga kwa sabuni, usipake mafuta wala losheni, ondoa rangi ya kucha ili kifaa cha kidoleni kisome oksijeni sawasawa. Vua cheni, shanga na hereni.

Kabla ya dawa yoyote ya usingizi, daktari akuchore kwa kalamu ukiwa umesimama. Ukilala mafuta yanahama na michoro inakuwa uongo. Jitazame kwenye kioo pamoja naye, mkubaliane sehemu kwa sehemu. Fomu ya ridhaa isome yote, na isemwe kwa lugha unayoielewa. Kama sehemu imeongezwa ambayo hamkuzungumza, usitie sahihi.

Usijiendeshe kurudi. Bodaboda hapana, bajaji hapana.

Hatua ya 10: Wiki za mwanzo

Jioni ile ile uinuke, utembee chumbani kwa msaada, halafu kila saa chache ukiwa macho. Hii ni kinga kubwa ya damu kuganda miguuni. Unapoinuka kaa kwanza kitandani dakika chache. Wengi huzimia mara ya kwanza wakivua nguo ya kubana kwenda kuoga. Kunywa maji. Kazi ya kukaa ofisini wengi huirudia baada ya wiki moja hivi, mazoezi mazito wiki 4 hadi 6.

Utavimba. Wiki ya pili unaweza kuwa mnene kuliko ulivyoingia, na mizani inaweza kupanda kwa sababu ya maji. Umbo linaanza kuonekana mwezi wa tatu, na la mwisho ni karibu mwezi wa 6. Kwa hiyo ukifanya wiki tatu kabla ya harusi yako utavaa gauni ukiwa umevimba.

Makosa ninayoyaona yakijirudia

Kuunganisha mambo mengi siku moja, tumbo, mgongo, mapaja, matiti na makalio, ili kuokoa fedha. Kila saa inayoongezeka mezani inaongeza hatari ya damu kuganda.

Kusafiri nje, tuseme Istanbul, na kurudi siku ya tatu. Ushauri wa Uingereza ni kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya kunyonywa mafuta, na siku 7 hadi 10 kama umekatwa ngozi ya tumbo, na mimi ningesubiri zaidi kwa safari ya saa nyingi. Kabla hujaondoka, tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukufuatilia ukirudi, na urudi na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa, yenye lita, dawa na jina la daktari.

Kuacha nguo ya kubana kwa sababu ya joto. Dar au Mombasa inachosha kweli; vaa fulana nyepesi ya pamba chini yake, kaa penye feni, lakini usiivue.

Kula ovyo ukidhani mafuta hayarudi. Seli zilizotolewa hazirudi, ila zilizobaki zinanenepa, na mafuta mapya yanaweza kwenda mgongoni, mikononi na ndani kabisa kwenye utumbo.

Tatizo likitokea

*Midomo au ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, kizunguzungu, misuli kurukaruka, ndani ya siku ya kwanza.* Dalili za ganzi kuzidi. Hospitali sasa hivi, na utaje neno lidokeini.

*Pumzi kukata, kifua kuuma, moyo kwenda mbio, au kuchanganyikiwa.* Inaweza kuwa damu iliyoganda au mafuta kwenye mapafu. Usimsubiri daktari wako ajibu ujumbe. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu.

*Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma ya goti kushuka chini.* Siku hiyo hiyo upimwe ultrasaundi. Usiuchue.

*Tumbo kuuma kila saa zaidi, kuwa gumu, kutapika, homa.* Ndani ya siku chache za kwanza hii ni ya kudhaniwa kuwa utumbo umetobolewa hadi ithibitishwe vingine. Ukiambiwa kwa simu "ni maumivu ya kawaida, ongeza dawa", nenda hospitali nyingine.

*Homa ya zaidi ya 38, ngozi kuwa nyekundu au nyeusi ikisambaa, harufu mbaya, maumivu makali kuliko kinachoonekana.* Maambukizi. Dharura pia.

*Maji kucheza chini ya ngozi ukigusa, bila homa.* Majimaji yamejikusanya. Daktari anayavuta kwa sindano, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Usijitoboe.

*Ganzi ya ngozi, michubuko, mafundo magumu.* Ya kawaida. Michubuko hupungua ndani ya wiki chache, mafundo na ganzi huchukua miezi. Kuchuliwa kwa upole kuna msaada, lakini kwa mtu aliyeelekezwa na daktari na kwa wakati aliosema.

*Upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, au mashimo.* Piga picha kila mwezi, mahali pale pale, mwanga ule ule. Kabla ya miezi 6 usikubali kurekebishwa, maana uvimbe unadanganya. Baada ya hapo rudi na picha zako pamoja na ile fomu ya ridhaa. Kama kituo kinakukwepa au hakitoi faili lako, andika malalamiko kwa baraza la madaktari la nchi uliyofanyiwa, uambatanishe risiti, picha na tarehe.